Wakfu wa Jamii: Fedha Zinakaa Wapi, na Nani Anayeamua Ziende Mtaa Gani

Jiji la Cleveland, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, lina wakfu wa jamii uitwao Cleveland Foundation, yaani hazina ya kudumu ya michango ya watu wengi kwa manufaa ya mji wao, wenye mali ya takriban dola bilioni 3, na ndio wa kwanza wa aina yake duniani. Mgeni anayesikia kiasi hicho, kisha akapita mitaa ya mashariki mwa jiji na kuona viwanja vilivyobaki wazi baada ya nyumba kubomolewa, atauliza swali la haki kabisa: ikiwa fedha ni nyingi hivyo, kwa nini mtaa huu uko hivi? Kiongozi wa asasi ndogo ya Nairobi au Dar es Salaam aliyewahi kurudishiwa andiko lake la mradi na mfuko unaojulikana kuwa na fedha amejiuliza swali hilo hilo. Jibu limo katika sharti lililofungwa kwenye kila dola siku ilipotolewa, na asiyelijua sharti hilo hawezi kuielewa taasisi ya namna hii hata akipewa hesabu zake zote.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaanza akiwa na faida, kwa sababu jambo lenyewe analo nyumbani. Mtu aliyeweka wakfu nyumba au duka alikuwa amelitoa moja kwa moja: haliuzwi, halirithiwi, wala halitolewi zawadi tena. Kodi yake ndiyo iliyonunua mafuta ya taa za msikiti, ikamlipa mwadhini na kuwasaidia mafukara. Zanzibar hadi leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya wapo Makamishna wa Wakfu, kwa ajili ya kusimamia mali za namna hiyo. Kwamba mtaji hauguswi na tunda lake ndilo linalotumika ni msingi ule ule tutakaoukuta Cleveland. Ipo tofauti moja, nayo ni kubwa. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, hulipatia sharti la mweka wakfu uzito unaokaribia wa maandiko ya sharia yenyewe, ilhali wakfu wa jamii ulibuniwa makusudi ili sharti la marehemu liweze kubadilishwa na walio hai.

Aliyeubuni ni Frederick Harris Goff, mwanasheria aliyekuwa rais wa benki ya Cleveland Trust Company. Kazi yake ilimweka karibu na wosia wa matajiri, akaona jinsi fedha njema zinavyolala kwa sababu aliyeziacha alitaja jambo moja tu, kisha dunia ikabadilika. Mfano mashuhuri ni wa St. Louis, ambako Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa mji huo, alifariki mwaka 1851 akiacha theluthi ya mali yake iwasaidie wahamiaji na wasafiri maskini waliopita hapo wakielekea kuweka makazi Magharibi. Reli ikajengwa, Magharibi ikajaa watu, misafara ya magari ya kukokotwa na wanyama ikatoweka, na fedha zikabaki zikimngoja msafiri asiyekuja tena. Wanasheria wa Kiingereza waliuita utawala huo wa marehemu juu ya walio hai “mkono wa maiti”.

Tarehe 2 Januari 1914 bodi ya benki ilipitisha azimio la Goff. Mkazi yeyote, mwenye nyingi au chache, angeweza kuacha fedha zake benki. Benki ingezitunza na kuzizalisha. Lakini matumizi ya faida yangeamuliwa na kamati ya watu watano, wawili wakiteuliwa na benki, mmoja na meya, mmoja na jaji wa mahakama ya shirikisho, na mmoja na jaji wa mirathi. Wajumbe wa dhehebu moja hawakuruhusiwa kuzidi wawili, na mwenye cheo cha siasa au anayekitafuta hakuruhusiwa kuingia kabisa. Kisha kikaja kifungu kilichokuwa roho ya azimio: iwapo kusudi la mtoaji limekwisha maana au haliwezekani tena, kamati inaweza kuzielekeza fedha kwingine kwa manufaa ya watu wa mji.

Wengi wanaoeleza historia hii hukimbilia kifungu hicho na kuliruka lile la kamati, nami naona wanakosea. Goff alitenganisha mikono mitatu: mkono unaotoa, mkono unaotunza na mkono unaogawa. Katika michango mingi tunayoifahamu, mikono hiyo mitatu ni ya mtu mmoja au ya ndugu wawili, na ugomvi huanzia hapo hapo. Ruhusa ya kubadili sharti la marehemu ingekuwa hatari tupu kama ingewekwa mikononi mwa benki peke yake.

Mpango huo ulianza na upungufu wa wazi, kwa kuwa wosia hausubiri jambo lingine ila kifo. Kwa miaka kadhaa palikuwa na jina na azimio bila fedha za kugawa. Goff akalipia shughuli za mwanzo kutoka mfukoni mwake, na badala ya kugawa misaada midogo midogo akaagiza hali ya jiji ichunguzwe: misaada kwa maskini, shule, viwanja vya burudani, na baadaye polisi na mahakama. Ripoti ya shule peke yake, iliyoongozwa na Leonard Ayres, ilifikia vitabu 25. Ile ya mahakama, iliyotoka mwaka 1922, iliongozwa na Roscoe Pound na Felix Frankfurter wa Chuo Kikuu cha Harvard. Hivyo, kabla ya kuwa hazina, wakfu ulikuwa jicho la mji, na hadi leo taasisi nzuri ya aina hii hujulikana kwa namna inavyoijua mitaa yake kuliko kwa urefu wa orodha ya ruzuku zake.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Bilioni 3 zile haziliwi. Zimewekwa kwenye hisa, hati fungani na vitega uchumi vingine, na kila mwaka hutolewa sehemu ndogo, kwa kawaida asilimia 4 hadi 5 ya wastani wa thamani ya mali kwa miaka kadhaa. Wastani huo huchukuliwa ili soko la hisa likianguka mwaka huu, kituo cha kulea watoto kisifungwe mwaka huu huu. Maana yake ni kwamba mtu akitoa dola milioni 1, mtaa unapata dola 40,000 au 50,000 kwa mwaka, ambazo zinatosha mshahara wa mfanyakazi mmoja na vitu vidogo vichache. Asilimia 5 ya bilioni 3 ni milioni 150. Ni fedha nyingi, lakini hugawanywa kwa jiji zima pamoja na wilaya zinazolizunguka, na kwa kila jambo kuanzia hospitali hadi muziki. Cleveland ilikuwa na watu 914,808 mwaka 1950. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 372,624. Hakuna tunda la wakfu linaloweza kuziba pengo la viwanda vilivyohama na kodi zilizohama pamoja navyo, na ni vyema jambo hilo lisemwe mapema ili taasisi hizi zisidaiwe kazi ya serikali.

Hata hizo milioni 150 haziko kwenye meza moja. Wakfu wa jamii ni kama kabati lenye droo nyingi, na kila droo ina ufunguo wake. Droo ya kwanza ina fedha zisizofungwa, ambazo mtoaji alisema tu zitumike kwa manufaa ya mji. Hapa kamati ina uhuru kamili. Ya pili ina fedha zilizofungwa kwenye sekta au eneo, kama vile elimu ya watoto wadogo au mtaa fulani. Ya tatu ina fedha zilizotajiwa mpokeaji kwa jina, tuseme hospitali au jumba la makumbusho, na kazi ya wakfu ni kumpelekea haki yake kila mwaka bila mjadala. Droo ya nne ndiyo inayokua kwa kasi na ndiyo inayozua mabishano. Hiyo ni ya fedha ambazo mtoaji, akiwa hai, anaendelea kushauri ziende wapi.

Droo hii ya nne ilianza New York mwaka 1931, na inahitaji kuelezwa polepole. Mtoaji akishaweka fedha humo, kisheria si zake tena, na anapata nafuu ya kodi mwaka huo huo. Baadaye anaandika ushauri, kwa mfano kwamba dola 10,000 ziende kwenye maktaba, na wakfu una mamlaka ya kukataa. Kwa vitendo hukataa mara chache sana, kwani mtoaji aliyekataliwa mara mbili hatarudi mara ya tatu. Jambo linalonisumbua ni muda. Wakfu binafsi wa familia tajiri hutakiwa na sheria ya Marekani kutoa takriban asilimia 5 ya mali yake kila mwaka, lakini kwa droo hii sheria ya shirikisho haikuweka kiwango chochote. Kodi imekwisha kusamehewa, na kodi iliyosamehewa ni fedha ya umma. Ilhali kituo cha vijana kilichotarajiwa kufaidika kinaweza kungoja miaka kumi.

Silicon Valley Community Foundation, iliyoundwa mwaka 2007 kwa kuunganisha taasisi mbili za California, inaonyesha jambo hilo lilipofika. Mwishoni mwa mwaka 2013 Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan waliipa hisa milioni 18 za Facebook, zenye thamani ya karibu dola bilioni 1. Ikawa miongoni mwa taasisi kubwa kabisa za aina yake, lakini sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa kwenye droo za ushauri, ambazo fedha zake zinaweza kwenda popote duniani. Asasi ya mtaani iliyo dakika kumi kutoka ofisi hizo haikosei inapouliza neno “jamii” katika jina hilo lina maana gani.

Mamlaka ya kubadili sharti nayo yana mpaka, na hakuna aliyeuonyesha mpaka huo vizuri kuliko Beryl Buck, mjane wa daktari, aliyeishi katika wilaya ya Marin, kaskazini mwa San Francisco. Alifariki mwaka 1975 akiacha hisa za kampuni ndogo ya mafuta iitwayo Belridge Oil, zilizokadiriwa wakati huo kuwa na thamani isiyozidi dola milioni 10 hivi. Wosia wake ulisema fedha ziwasaidie wahitaji wa Marin na shughuli nyingine za hisani, dini na elimu za wilaya hiyo, chini ya usimamizi wa San Francisco Foundation. Mwaka 1979 kampuni ya Shell iliinunua Belridge kwa dola bilioni 3.65. Ghafla wilaya iliyokuwa miongoni mwa tajiri kabisa nchini Marekani ikajikuta na mfuko wa mamia ya milioni, huku ng'ambo ya ghuba, katika miji kama Oakland, kukiwa na mitaa yenye dhiki ya kweli ambayo wakfu huo huo uliihudumia.

San Francisco Foundation ikaenda mahakamani mwaka 1984 kuomba ruhusa ya kutumia sehemu ya fedha hizo katika wilaya nyingine. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: bibi huyo hakujua kwamba hisa zake zingekuja kuwa utajiri wa namna hiyo, na angejua, asingetaka ziishie Marin pekee. Watu wa Marin walijibu kwamba wosia haukuwa na fumbo lolote, na kwamba wingi wa fedha haulifanyi sharti kuwa lisilowezekana. Mwaka 1986, baada ya miezi ya kesi, wakfu ulijiondoa katika usimamizi, na fedha zikakabidhiwa taasisi mpya, Marin Community Foundation. Sehemu ya mapato ikatengwa kwa miradi mikubwa yenye makao Marin lakini inayowafaa watu wote, mmoja wapo ukiwa taasisi ya utafiti wa uzee inayobeba jina la Buck. Moyo wangu uko na Oakland. Hata hivyo naona matokeo mengine yangewatia hofu watoaji wote wenye jambo moja wanalolipenda. Mkono wa maiti ni tatizo pale kazi yake inapokuwa imekwisha. Pale ambapo kazi bado ipo, hata kama ni ndogo kuliko fedha, ahadi inabaki kuwa ahadi.

Kwa asasi inayoomba, yote haya hujitokeza kama utaratibu. Asasi ya Marekani lazima iwe imetambuliwa na mamlaka ya kodi kuwa haitafuti faida. Kikundi kisichosajiliwa hujiweka chini ya asasi iliyosajiliwa, ambayo hupokea fedha kwa niaba yake na kuziwajibikia. Hutangulia barua fupi ya kueleza nia, kisha andiko kamili lenye bajeti na hesabu zilizokaguliwa, kisha afisa wa wakfu huja kuona kwa macho, na mwisho bodi hukaa. Afisa huyo hufanya kazi moja isiyoonekana: akishalipenda andiko, anafungua kabati na kutafuta droo ambayo sharti lake linalikubali. Ndiyo maana mwombaji mwenye busara huuliza kwanza ni droo zipi zilizopo, kabla ya kuandika ukurasa hata mmoja.

Hapa pana kidonda cha zamani, kinachojulikana Ohio kama kinavyojulikana Kisumu au Tanga. Ruzuku nyingi hulipia mradi na kukwepa gharama za uendeshaji. Asasi inapewa fedha za kununua vitabu vya watoto, lakini haipewi kodi ya chumba ambamo watoto watasomea, wala mshahara wa mhasibu atakayeandika ripoti ambayo mfadhili mwenyewe anaidai. Wakati wa Korona, mwaka 2020, taasisi nyingi za Marekani zililegeza masharti na kuruhusu fedha za mradi zitumike kwa lolote lililohitajika. Ingefaa ulegevu huo uwe desturi ya siku zote, kwa sababu droo ya fedha zisizofungwa ndiyo pekee inayoweza kuibeba asasi inapopita kwenye kipindi kigumu.

Uboreshaji wa mtaa wenyewe huja kwa njia mbili zinazotofautiana sana kwa kipimo, na Cleveland imezijaribu zote. Njia ndogo ni mpango uitwao Neighborhood Connections, ulioanza mwaka 2003 kwa fedha za wakfu. Hutoa ruzuku za kati ya dola 500 na 5,000 kwa vikundi vya wakazi, kwa ajili ya bustani za pamoja, shughuli za vijana, sherehe za mtaa na mambo ya namna hiyo. Wanaoyasoma maombi na kuamua ni kamati ya wakazi wenyewe. Kwa mizani ya bilioni 3 fedha hizo ni kama tone, lakini mkono ule unaogawa, ambao mwaka 1914 uliteuliwa na benki, meya na majaji, hapa umefika hadi kwa jirani anayekijua kile kiwanja kinachoombewa bustani, na anajua ni nani hasa atakayeimwagilia mwezi Julai.

Njia kubwa ilianza mwaka 2005, wakfu ulipowakutanisha wakuu wa Cleveland Clinic, University Hospitals na Case Western Reserve University, taasisi tatu kubwa (hospitali mbili na chuo kikuu) zilizosimama katikati ya mitaa maskini kama Hough na Glenville. Taasisi hizo zilikuwa zikinunua bidhaa na huduma za mabilioni ya dola kwa mwaka, na kidogo sana katika hizo kilibaki kwa majirani wao. Wakfu ukaweka mtaji wa kuanzia wa dola milioni 3 katika mpango wa vyama vya ushirika, na mwaka 2009 kikafunguliwa kiwanda cha kufulia nguo, Evergreen Cooperative Laundry, kilichotegemea kufua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wazee. Mfanyakazi akishamaliza miezi ya majaribio na kukubaliwa na wenzake, hununua hisa ya dola 3,000, inayokatwa kwenye mshahara wake senti 50 kwa kila saa. Mwenye kufanya saa 40 kwa wiki hukatwa dola 20, na kwa mwendo huo hulimaliza deni baada ya miaka mitatu hivi, akawa mmiliki wa mashine anayoiendesha.

Haikuwa kazi nyepesi. Hospitali kubwa haivunji mikataba yake ya kufuliwa mashuka kwa sababu wakfu umeomba, na ilipita karibu miaka kumi kabla Cleveland Clinic, mwaka 2018, haijakikabidhi chama hicho cha ushirika uendeshaji wa kiwanda chake yenyewe cha kufulia. Mtaji wa benki ya kawaida usingengoja kiasi hicho. Wakfu uliweza kungoja kwa sababu hauna wanahisa wanaodai gawio, nami naona subira hiyo ndiyo mali yake kubwa kuliko hata fedha zenyewe. Mwaka 2023 wakfu ulihamisha ofisi zake kutoka katikati ya jiji, ukajenga makao mapya pembezoni mwa Hough, mtaa uliowaka moto katika ghasia za mwaka 1966.

Wazo la Goff lilivuka mipaka mapema. Winnipeg, nchini Kanada, ilianzisha wakfu wake mwaka 1921 kwa dola 100,000 za mwenye benki William Alloway. Mchango wa pili, mwaka 1924, ulifika ndani ya bahasha: sarafu tatu za dhahabu za dola 5, na maneno yaliyoutaja kuwa ni sadaka ya mjane. Nchini Kenya, Kenya Community Development Foundation ilianza mwaka 1997, na ikajenga utaratibu wa jamii kuchanga sehemu yake kwanza, kisha wakfu kuongezea, na baadhi ya jamii kuwa na mfuko wao wenyewe wa kudumu chini ya usimamizi wake. Watu waliokulia kwenye harambee hawahitaji kufundishwa kuchanga. Jambo geni kwao ni kuchanga kisha kuiacha fedha ikae, huku paa la shule likivuja, na wanastahili kuelezwa kwa uwazi kabla ya kuombwa wafanye hivyo.

Maelezo hayo yote huwa kwenye hati moja, mkataba wa mfuko, ambao wajumbe wa kikundi huusaini mara nyingi bila kuusoma hadi mwisho. Humo ndimo panapoandikwa mtaji unaweza kuguswa au la, ni asilimia ngapi itatolewa kila mwaka, wakfu utakata kiasi gani kwa usimamizi, kikundi kikivunjika fedha zitaenda kwa nani, na ni nani mwenye kauli siku kusudi la kwanza litakapokuwa limekwisha. Kifungu hicho cha mwisho kwa kawaida kina mistari michache tu, na ni afadhali kisomwe kwa sauti mbele ya mkutano mzima kabla kalamu haijashikwa.